Boti ikienda mrama taratibu, ndiyo imetulia?

Kijana wa Mkoani
Assalaam aleikum wanabahari. Nina suali. Boti ya mbao ya mashine, upana mita 5. Ikipakiwa saruji chini huenda mrama kwa ukali, inarudi kwa kishindo na abiria wanatapika. Siku ikipakiwa watu sitaha ya juu na magunia juu yake, inalala taratibu na kuinuka taratibu kama bembea, watu wanasema leo imetulia. Kipi salama? Na zile herufi K, G, B na M za kwenye mitihani zinahusiana vipi na jambo hili?

Sarahangi
Waaleikum salaam mdogo wangu. Hiyo ya taratibu ndiyo ya kuogopwa.

K ni mkuku, yaani mti wa chini kabisa wa chombo, ndipo vipimo vyote vinapoanzia. G ni kitovu cha uzito: chombo, mashine, mafuta, shehena na watu kwa pamoja. B ni kitovu cha ile sehemu ya chombo iliyozama, ndipo maji yanaposukumia juu. Chombo kikiinama, G inabaki pale pale maadamu mzigo haujahama, lakini B inakwenda upande ulioinama kwa sababu upande huo umezama zaidi. Piga mstari wima kutoka B mpya kwenda juu; unapokutana na mstari wa katikati ya chombo ndipo penye M, yaani metasenta. M ikiwa juu ya G, uzito unaoshuka na maji yanayosukuma vinakirudisha chombo wima. M ikiwa chini ya G, vinakilaza zaidi. Urefu kutoka G hadi M, tunauita GM, ndiyo nguvu ya mwanzo ya chombo kujiinua: ikiwa kubwa kinarudi kwa ukali, ikiwa ndogo kinarudi taratibu.

Tufanye hesabu. Boti na saruji yake ni tani 60, KG (urefu kutoka K hadi G) mita 1.60, KM (kutoka K hadi M) mita 2.30. GM ni 0.70. Wapande watu 60 sitaha ya juu, kila mmoja kilo 75, na magunia ya nusu tani: jumla tani 5, kitovu chake mita 4.6 kutoka mkukuni. KG mpya ni (60 × 1.60 + 5 × 4.6) ÷ 65, sawa na 1.83. KM hubadilika kidogo tu, tuiache. GM imeshuka hadi 0.47, tena saruji bado imo chini. Itoe hiyo saruji ujionee.

Sasa wale watu 60 waone pomboo, wakimbilie upande mmoja, mita 2 kutoka katikati. 4.5 × 2 ÷ 65 ni 0.138, gawa kwa 0.47 upate 0.29, ambayo ni tanjenti ya digrii 16. Kama ukingo wa sitaha uko sentimita 60 juu ya maji, na nusu ya upana ni mita 2.5, maji yanaufikia kwenye digrii 13 na nusu. Umeshachelewa. Kwa meli za abiria, kanuni za IMO, shirika la kimataifa la bahari, zinataka mwinamo wa namna hii usizidi digrii 10.

Kupima bila karatasi: bandarini pakiwa shwari, legeza kamba, watu wachache waitikise boti ubavu kwa ubavu kisha watulie. Hesabu miyumbo mitano kamili, kulia-kushoto-kulia ni mmoja, gawa muda kwa tano. Muda ni takriban 0.8 × upana ÷ kipeuo cha pili cha GM. GM ya 0.70 inatoa sekunde 4.8; 0.47 inatoa 5.8; 0.15, ambayo ndiyo ya chini kabisa kwa meli kwenye kanuni hizo, inatoa sekunde 10 na ushei. Ile 0.8 ni ya kukadiria, kwa hiyo andika muda wa boti yako ikiwa imepakiwa vizuri na ulinganishe nao kila safari.

Na usiusahau huo ukingo wa sitaha. GM nzuri haikusaidii ikiwa chombo kimezama hadi karibu na sitaha. Spice Islander I iliyozama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba ilikuwa imepakia kupita kiasi. Alama ya Plimsoll ubavuni, inayoonyesha kikomo cha kupakia, haikuchorwa kwa urembo.

Fundi wa Tumbe
Sarahangi kasema kweli, ila kaacha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo yanapokusanyika maji. Chukua boti hiyo hiyo yenye watu juu. Ngamani pana nafasi ya urefu mita 6 na upana mita 4. Yaingie maji ya sentimita 5 tu, tani 1 na robo, hayafiki hata kifundo cha mguu. Boti ikiinama yote yanakimbilia upande wa chini. Hesabu ya hasara ya GM: 6 × 4 × 4 × 4 ÷ 12 ni 32, mara 1.025 (tani za maji ya bahari kwa mita moja ya ujazo), gawa kwa tani 66: mita 0.50. GM ya 0.47 imekwisha. Uzito wa maji hayo chini unakurudishia sentimita 3 hivi, ukabaki na sufuri.

Tazama upana ulivyoingia mara tatu. Ndiyo maana ubao wa kugawa kutoka omo hadi tezi, ukiziba sawasawa, unaibakisha robo tu ya hasara. Ubao wa kukingama ubavu kwa ubavu hausaidii hapa. Na ukitoboa tundu za kupitishia maji ya ngama kwenye ule ubao wa kati, maji yakapita huku na huku, hujagawa kitu. Matangi ya mafuta ni vivyo hivyo: lijae kabisa au liwe tupu, nusu ndiyo mbaya.

Kijana wa Mkoani
Shukran sana kaka zangu. Na ikiwa imeshalala upande, tuwahamishie watu upande ulioinuka?

Sarahangi
Kwanza jua imelala kwa nini. Ikilala upande ule ule siku zote, wimbi likiitikisa ikarudi pale pale, mzigo uko upande mmoja: uhamishe. Lakini ikilala kulia, wimbi likapiga, ikaanguka kushoto na kukaa huko, basi G imeipita M. Hapo ukipeleka watu upande ulioinuka itageuka kwa kasi na kulala upande wa pili zaidi ya mwanzo, pengine isisimame. Wakalishe, kisha washushe wachache wachache hadi sitaha ya chini, kwenye mstari wa kati. Shusha magunia. Fua maji. Punguza mwendo na usikate usukani kwa nguvu. Ikiwa kuna tangi za farumi chini, yaani za maji ya kuongezea chombo uzito, jaza kwanza ile ya upande ulioinama, moja baada ya moja. Mwanzoni mwinamo utaongezeka kidogo kwa sababu ya maji yanayochezacheza, usishtuke ukahamia tangi ya upande wa pili.