Uwezekano na kutolingana: kwa nini jibu ni 1/2 wala si 7/12?

Mtahiniwa: Ndugu zangu, ninajiandaa kwa mtihani wa hisabati wa kuchagua majibu, nami naomba ufafanuzi. Namba kamili n inachaguliwa bila upendeleo kuanzia −6 hadi 6, sifuri ikiwa imeondolewa. Ni upi uwezekano kwamba 6/n < n + 1? Nimezidisha pande zote mbili kwa n, nikapata (n + 3)(n − 2) > 0, yaani n iwe chini ya −3 au juu ya 2. Hizo ni namba 7 kati ya 12, lakini jibu lililochapishwa ni 1/2. Ni hatua ipi isiyokubalika?

Mwalimu wa Aljebra: Ni hiyo ya kuzidisha. Pande zote zikizidishwa kwa namba hasi, alama hugeuka, na kwa kuwa n yaweza kuwa chanya au hasi, huna budi kuzitenganisha hali hizo mbili kwanza. Kwa n chanya hesabu yako ni sahihi: 3, 4, 5 na 6. Kwa n hasi tunahitaji (n + 3)(n − 2) < 0, na hapo zinabaki −2 na −1 tu. Jumla ni 6 kati ya 12. Jaribu −4: upande wa kushoto ni −1.5, ambao si mdogo kuliko −3. Kujaribu namba moja katika kila kipande cha mstari wa namba huchukua sekunde chache, nami nawasihi watahiniwa wote wasiliache zoezi hilo.

Msomaji Makini: Aina ya namba nayo isomwe kwa uangalifu. Lau n ingekuwa namba halisi yoyote kati ya −6 na 6, tungepima urefu badala ya kuhesabu: vizio 3 kutoka −3 hadi 0, na vizio 4 kutoka 2 hadi 6, jumla 7/12. Jibu hilo linafanana na la muulizaji ingawa vipande si vilevile, na mfanano wa namna hiyo ni hatari kwa sababu huficha kosa. Tena, alama ingekuwa ≤, jibu la namba kamili lingepanda hadi 2/3, kwani −3 na 2 zingeingia, ilhali la namba halisi lisingebadilika, maana nukta moja haina urefu.

Mtahiniwa: Nawashukuru sana. Nimerudia kwa kuhamishia kila kitu upande mmoja, (n + 3)(n − 2)/n > 0, kisha nikaziweka −3, 0 na 2 kwenye mstari wa namba, na namba zilezile sita zimepatikana.