Naomba ushauri: "mteremko" ni kushuka tu?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, nafasiri kijitabu cha wakulima juu ya mmomonyoko wa udongo. Nimekwama kwenye neno moja la Kiingereza, slope. Niliandika "mteremko" kila pahala nikaona nimemaliza. Kumsomea ami yangu, mwenye mikarafuu kwenye ardhi ya namna hiyo hiyo, akacheka: "Huo ni mteremko kwako wewe uliye juu. Mie ninayepanda na pakacha kichwani, huo ni mlima."

Na kweli. Kwetu Pemba mtu akishuka kwenye baskeli na kuisukuma, anapanda mlima, hata kama ni kijiinuko tu. Slope haijali unaelekea wapi. Mteremko unashuka, mwinuko unapanda, na mwinuko wenyewe wengine wanauelewa kuwa ni kimo kutoka usawa wa bahari. Tena mteremko ni wepesi pia, "kazi ya mteremko", na kulima kule si wepesi hata kidogo! "Mwinamo" naupenda, ila masikioni mwangu ni wa paa zaidi kuliko wa shamba.

Sentensi inayoninyima usingizi ni hii: "Kwenye mteremko wa asilimia 10, panda kwa kukinga mteremko." Maana yake, pale ambapo kila mita 100 za usawa ardhi inapanda mita 10, mistari ya mimea ikate mteremko, isishuke nao. Ami alielewa asilimia 10 ya shamba lake.

Nyinyi mngeandikaje? Wa Micheweni na Mkoani, huko kwenu mnapaitaje?