Mheshimiwa anataka blogu, nianzie wapi?

Msaidizi_Nax
Wadau, habari zenu. Ninafanya kazi na MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) mmoja hapa Nakuru. Juzi katoka bungeni akaniambia, "Kijana, nifungulie blogu, nimechoka kungoja redio waniite." Wazo si baya, maana Facebook maneno yake yanazama kabla hata chai haijapoa. Shida ni alichonitumia kama makala ya kwanza: wasifu wake, salamu kwa wananchi, na picha tele akiwakabidhi watoto hundi za basari. Nani atasoma hayo? Na nitamwambiaje bila kumvunjia heshima? Uchaguzi ni Agosti 2027 na tayari ana presha.

MamaMitumba_Kibuye
Mwanangu, mimi nauza mitumba Kibuye, Kisumu. Bando langu la shilingi ishirini siwezi kulimalizia kwenye suti ya mtu. Nitakachofungua ni hiki: mtaro ulio nyuma ya kibanda changu ulitengewa pesa ngapi, mkandarasi ni nani, na mbona alimwaga kokoto akatoweka? Mvua ikinyesha maji yanaingia hadi kwenye marobota, nabaki kuanika suruali za watu kama dobi.

Halafu hii mikutano ya kutoa maoni ya bajeti. Tangazo tunalipata jioni, kikao ni kesho asubuhi, na asubuhi ndiyo soko. Makadirio yanatakiwa kufika bunge la kaunti ifikapo Aprili 30. Sasa yeye aandike mapema, mwezi wa pili hivi, kwamba "nataka kuombea pesa mtaro huu na ile zahanati, mnasemaje?" Tutafunga vibanda twende.

Na aandike mwenyewe! Kama hana muda, akurekodie sauti akiwa kwenye gari, wewe uchape vile anavyoongea, na utani wake wa barazani uuache humo. Ukimwandikia "najitolea kuwahudumia kwa moyo mkunjufu" tutajua ni wewe.

Karani_Mstaafu_Kakamega
Nakubaliana na mama. Naongeza kuhusu hizo picha: watoto wale wana haki zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na kupanga foleni ya hundi si ridhaa. Zitoe.

Pili, blogu ni yake binafsi, kwa hiyo ailipie kutoka mfukoni, si kwa pesa za ofisi ya wadi. Isajili kwa jina lake, si lako, msije mkagombania nywila siku mkikosana. Maoni yaachwe wazi. Matusi futa, lakini anayeuliza habari za barabara asifutwe hata akiuliza kwa hasira.

Jirani_wa_Njoro
Aweke pia orodha ya vikao alivyokosa. Natania. Aah, sitanii.

Msaidizi_Nax
Asanteni sana. Mama, nilimtumia ujumbe wako vile ulivyo, nikamwambia umetoka kwa mpiga kura wa Kisumu, kwa hiyo hakuna wa kununiwa. Kanijibu kwa sauti ndefu ajabu, karibu yote ni malalamiko kuhusu mkandarasi wa huku kwetu. Ndiyo naichapa sasa. Picha za watoto amekubali zitoke. Ya suti mpya amekataa katakata.