Neno "maid" lina maana gani hasa?

Wakuu naomba kuuliza, hivi neno la Kiingereza "maid" limetokea wapi na je kumwita dada wa kazi hivyo ni dharau?

— Limefupishwa kutoka "maiden", yaani mwali, binti ambaye hajaolewa, zamani kazi za ndani walikuwa wanafanya sana mabinti wa hivyo basi jina likawaganda mpaka leo hata kama mtu ana wajukuu.

— Mkuu mimi silipendi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 189 wa mwaka 2011 umetumia "domestic worker", mfanyakazi wa nyumbani, linataja kazi yake tu, mambo ya ndoa hayakuhusu.

— Na "servant", yaani mtumishi, je?

— Hilo mzizi wake Kilatini "servus", mtumwa, achana nalo kabisa.