Second Life: Linden 5,000, nianze na mwili na nguo au nipambe nyumba?

mwanaheri_t
Habari zenu wadau wa dunia hii ya mtandaoni. Nimekusanya dola za Linden 5,000, pesa ya humu, kidogo kidogo, na wikendi hii kuna mapunguzo. Natamani avata, mhusika wangu wa humu, apate mwili mpya wa meshi (umbo la 3D lililochongwa) na nguo za maana, lakini nyumba nayo haina hata pa kukaa. Nyie mngeanza na kipi?

fundi_pikseli
Dada, hapo hatuwezi kukushauri. Sasa hivi unavaa mwili gani? Nyumba ni ya kupanga au ni ile ya Linden ya wanachama wanaolipia? Ardhi mita ngapi? Kompyuta ikoje?

kitenge_mbeya
Mwili kwanza! Nyumba utaiona wewe na wageni wawili, avata anaonwa na kila mtu. Chukua LaraX, mwili wa kike wa duka la Maitreya. Ila nguo hushonewa mwili maalumu: gauni la Legacy, mwili wa chapa nyingine, kwenye LaraX ngozi itachomoza kiunoni na mabegani. Ukichagua mwili umechagua na maduka yako. Chukua demo, yaani ya kujaribu, uvae, ukae, ucheze ngoma, ndipo ulipe.

bahari_shela
LaraX pamoja na kichwa cha duka la LeLutka (kichwa huuzwa peke yake) kwa bei kamili, 5,000 haifiki. Avae mwili wa Senra, Linden Lab wenye Second Life wanautoa bure tangu 2023, pesa iende kwenye samani.

kitenge_mbeya
Nguo za Senra ni chache mno, bahari. Na LeLutka walishawahi kuwapa wanakundi vichwa bure mwisho wa mwaka.

zuhura_doha
Kabla hujanunua samani, mwanaheri, soma hii. Nilipanga kisiwa kwa mtu, kodi nalipa kila wiki, sijachelewa hata mara moja. Nikapamba sebule, jiko, baraza ya nje, mpaka vikombe juu ya meza. Mwenye kisiwa akaiacha ardhi bila kumwambia mpangaji yeyote. Siku naingia, nyumba hakuna. Vitu vyote vimerudishwa kwenye folda ya vilivyopotea, vimefungwa furushi moja. Furushi hilo huwezi kulifungua kipande kipande, lazima ulitoe lote kwa pamoja, mahali penye nafasi ya kulibeba. Nilizunguka viwanja vya majaribio hadi nikapata kimoja kikubwa. Seti yangu ya makochi, isiyo na ruhusa ya kunakili, sijaiona hadi leo. Nilimwandikia yule mtu, hakujibu. Kwa hiyo nunua samani zenye ruhusa ya kunakili tu. Kiti kimoja unakitoa mara sita, na kikipotea unacho kingine.

mwanaheri_t
Pole sana dada Zuhura. Nyumba ni ya Linden, ya boti, mita 1,024. Mwili ni ule niliopewa siku ya kujiunga. Laptop ya kawaida.

fundi_pikseli
Sasa tunaongea. Mita 1,024 zinabeba uzito wa 351, yaani hesabu ya vitu vinavyoruhusiwa kiwanjani, na boti yenyewe haihesabiwi humo. Angalia uzito kabla ya bei: kuna kochi la 3 na kuna la 25, kwa macho yanafanana. Ukilikuza la meshi, uzito unapanda. Na usikimbilie samani za PBR, zile zinazoakisi mwanga kama vitu halisi, hiyo laptop itahema.

bahari_shela
Sikubali. PBR ndiyo inayofanya shaba ing'ae kama shaba. Bila hiyo sinia la kahawa linaonekana la plastiki.

fundi_pikseli
Ing'ae kwa nani, kama picha zinakwama?

bahari_shela
Apunguze umbali wa kuona na azime vivuli. Mimi boti yangu nimeipamba kipwani: mkeka, kitanda cha besera, mito ya kanga. Picha ya kanga naipandisha mwenyewe, Linden 10 tu.

zuhura_doha
Mito ya kanga! Jina la kanga linasomeka?

bahari_shela
Linasomeka, mradi pindo liwe upande wa mbele. Mto uwe na ruhusa ya kubadilisha, la sivyo picha haikubali.

kitenge_mbeya
Na gauni je, la LaraX? Nina kitenge nataka kukipandisha.

mwanaheri_t
Bahari, huo mto uliupata duka gani?