Naomba ushauri: wanawake wa machimbo ya Lupa, Chunya, miaka ya 1930

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Nakusanya habari za wanawake walioishi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, enzi za Mwingereza: wapika pombe, mama wa vyakula, waliofuata waume na waliokuja peke yao. Wachimbaji wa Kizungu wameandikwa vya kutosha. Vibarua nao wanaonekana, japo kwa idadi tu, kwa sababu walisajiliwa na kudaiwa kodi ya kichwa. Wanawake hawakuwa na leseni wala mkataba, basi karatasi zimewaruka.

Nimepekua majalada Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwanamke akitajwa humo ni kwa kesi ya pombe au malalamiko ya "wahuni", na mara nyingi bila jina. Nikahamia kwa wazee wa Chunya na Makongolosi. Wanasimulia vizuri mpaka nimuulize mtu bibi yake alikuwa akifanya kazi gani, hapo mazungumzo yanakatika. Nawaelewa, maana mwanamke wa machimboni alikuwa akiitwa malaya hata kama aliuza maandazi tu.

Kwanza, aliyewahi kutumia vitabu vya mabaraza ya wenyeji au vya ubatizo vya Moravian huko Mbeya na Rungwe, niombe kibali kwa nani? Pili, niulizeje habari za bibi bila kuiaibisha familia? Je, nimtangulize mwanamke mwenyeji aulize yeye?

Natanguliza shukrani.