Parole California: ripoti ya mwanasaikolojia inasomwaje, na inapingwa vipi?

MsaidiziJalada
Wakuu, nasaidia kuandaa jalada la mfungwa wa kifungo cha maisha huko California, kikao chake cha parole (kuachiwa kwa masharti) kinakaribia. Mwanasaikolojia wa Bodi ya parole amemweka kwenye "hatari ya kati" kwa kutumia HCR-20 toleo la tatu, mwongozo wa kukadiria hatari ya vurugu. Humohumo ametaja PCL-R ya zamani, kipimo cha usaikopathi, yenye alama 24. Hizo 24 ni mbaya kiasi gani? Jopo la Bodi linaloamua linafungwa na ripoti hii? Na makosa yaliyomo tunayapinga kabla ya kikao au siku yenyewe?

Mizani
Jopo halifungwi. Tangu uamuzi wa In re Lawrence wa Mahakama ya Juu ya California, 2008, lazima pawepo ushahidi kwamba mtu ni hatari kwa jamii sasa hivi. Ukatili wa kosa la zamani peke yake hautoshi mpaka ioneshwe unavyohusiana na alivyo leo.

Ila msilale. Siku ileile mahakama ilitoa In re Shaputis, na huko mfungwa alishindwa kwa sababu alionekana hajaelewa kilichomfanya atende alichotenda. Wengi hunyimwa parole kupitia mlango huo, na maneno yanayonukuliwa hutoka kwenye ripoti ya mwanasaikolojia. Kwa hiyo anzeni na aya zinazozungumzia kujitambua, kabla hata ya kutazama daraja la hatari. Akinyimwa, Marsy's Law, sheria ya California ya haki za waathirika, inaruhusu kikao kijacho kiahirishwe kwa miaka 3, 5, 7, 10 au 15.

Jambo jingine: alikuwa na umri gani alipotenda kosa? Kama alikuwa na miaka 25 au chini, na si miongoni mwa waliotengwa na sheria, kifungu cha 3051 cha Penal Code (sheria ya jinai ya California) kinataka tathmini yenyewe izingatie ujana wake wa wakati ule na ukomavu alioupata baadaye. Ripoti isiyogusa hilo ina pengo la kisheria, siyo la kitaalamu tu.

Kipimo_na_Haki
Nijibu la alama. PCL-R ina vipengele 20, kila kimoja kinapewa 0, 1 au 2, jumla ya juu ni 40. Mstari wa kumwita mtu saikopathi Marekani ni 30, kwa hiyo 24 iko chini yake. Kipimo hicho pia kina kosa la upimaji la takriban alama 3: 24 ya leo ingeweza kuwa 22 au 26 kwa mpimaji mwingine. Isitoshe, toleo la tatu la HCR-20 halihitaji PCL-R. Ulizeni kwa nini imefufuliwa.

HCR-20 nayo ina vipengele 20: 10 vya historia, 5 vya hali ya sasa, 5 vya mazingira atakayokwenda kuishi. Toleo hili halijumlishi alama. Kila kipengele kinaulizwa mara mbili: kipo au hakipo, na kina uzito gani kwa mtu huyu. Makosa mengi yako kwenye hilo swali la pili. Utakuta ulevi wa miaka 30 iliyopita umeandikwa "upo, uzito mkubwa", halafu hakuna sentensi hata moja inayoeleza utamfikishaje kwenye vurugu leo. Historia haifutiki, hivyo ripoti ikiegemea vile 10 tu, mtu hawezi kushuka daraja la hatari hata afanye nini gerezani.

Kuhusu utabiri, fanyeni hesabu hii ya kufikirika. Watu 1000, 50 kati yao watarudia kosa la vurugu. Kipimo kinawakamata 70% ya hao, na kinawatambua sawasawa 70% ya wasiorudia. Watakaoitwa hatari ni 35 wa kweli na 285 wa uongo. Yaani kati ya 320 waliopigwa muhuri, takriban 11% ndio wangerudia. Kosa la vurugu likiwa adimu kwenye kundi, hata kipimo kizuri kitawabebesha wengi mzigo usio wao.

Mizani
Sasa pingamizi. Kanuni ya 2240 ya Bodi inatenganisha kosa la ukweli na kutokubaliana na maoni ya mtaalamu. La ukweli linaandikiwa Bodi kabla ya kikao, na lazima liwe limeathiri hitimisho kuhusu hatari. Mfano: ripoti inasema aliadhibiwa kwa kupigana, wakati rekodi ya nidhamu inaonesha shtaka lilifutwa. Andikeni ukurasa, sentensi yenyewe, ambatisheni hati, kisha mseme ni kipengele kipi cha HCR-20 kimeinuliwa na kosa hilo. "Hakuelewa tabia ya mteja wetu" haipokelewi kwa njia hiyo. Hayo ni maoni, yanajibiwa kwenye hoja za wakili au kwa ripoti ya mtaalamu wenu.

Na mtaalamu wenu asikadirie kwa kuwapendeza. Utafiti wa 2013 uliwapa zaidi ya wataalamu 100 majalada yaleyale. Walioamini wameajiriwa na mashtaka walielekea kutoa alama za juu kuliko walioamini wameajiriwa na utetezi. Jopo linajua.

MsaidiziJalada
Asanteni sana. Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Hilo lina uzito?

Kipimo_na_Haki
Lina uzito. Angalieni kama mkalimani alikuwepo. Mtu anayejibu kwa mkato kwa sababu ya lugha huandikwa "hana majuto". Kama alijaza dodoso la haiba kama MMPI-2 yenye sentensi 567 za kweli au si kweli, ulizeni alijaza kwa lugha gani na kama tafsiri hiyo imethibitishwa.

Kuna kesi ya Ewert ya Kanada, 2018. Mahakama ya Juu ilisema idara ya magereza ilivunja wajibu wake wa kisheria kwa kutumia vipimo, PCL-R kikiwemo, bila kuhakikisha vinafaa kwa wafungwa wa jamii za wenyeji asilia wa Kanada. Haiifungi California, ila swali lake ni la kuuliza popote: kipimo hiki kimejaribiwa kwa watu kama yeye?